Kanga ya Kumfunika Bibi

Juzi nilipita Mpui, kule kwetu Ufipa, nikawakuta Wabahai, waumini wa dini ya Kibahai, wakimwombea marehemu wao, nikamkumbuka Mwalimu Veronika.

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alifariki katika kijiji chetu cha ujamaa bila kubatizwa. Wanawake walipokuwa wakipika uji wa ulezi msibani baada ya mazishi, nilimsikia mmoja akinong'ona kwamba sasa anaungua motoni. Harufu ya moshi ikanitia hofu, nikakimbilia kwa Mwalimu Veronika, jirani yetu aliyefundisha kisomo cha watu wazima. Yeye peke yake pale kijijini alikuwa Mbahai.

"Shikamoo Mwalimu. Eti bibi anaungua?"

"Marahaba. Haungui, mwanangu. Mtoto aliye tumboni hajui macho ni ya nini mpaka azaliwe. Kufa nako ni kuzaliwa. Bibi yako amezaliwa kwa Mungu, na huko ataendelea kukua. Sisi tumwombee."

Leo najua alizungumzia roho. Siku ile nilielewa kwamba bibi amekuwa kichanga, tena kwenye baridi yetu ya Ufipa. Nilianua kanga ya mama kambani, nikaenda kuitandaza juu ya kaburi.

Mama akanikuta huko.

"Unafanya nini?"

"Namfunika bibi. Mwalimu anasema amezaliwa."

Tangu msiba uanze mama hakuwa amelia. Aliketi kwenye udongo mbichi, akalia kwa muda mrefu. Kisha akaokota mawe manne, akayaweka kwenye pembe za kanga ili upepo usiipeperushe.