Alama Nyeusi Kwenye Kitanda cha Mjukuu

Penseli haimtoki sikioni mama fundi seremala jirani yetu, hata harusini, na mfukoni hakosi ndimu ya chai. Ubao huupapasa kama anaogesha kitoto. Jana tulienda kuona kitanda alichomtengenezea mjukuu wake wa kwanza, mbao nyeupe pe, tukakikuta kimelazwa, na ubavuni duara jeusi. "Nani kaniharibia?" alifoka, akitukazia macho mmoja mmoja. Kisha akanyanyua kopo lake mwenyewe la misumari, kitako chake cha chuma kimelowa, akaliweka juu ya alama. Likakaa sawasawa. Alicheka mpaka akaketi chini. Akakata ndimu, dawa ya madoa ya chuma kwenye mbao, akasugua taratibu. Weusi ukafifia, ukatoweka. Nusu ya pili akaikamulia kwenye kikombe chake cha chai. "Mgonjwa kapona," alisema. "Sasa daktari anywe chai."