Chai ya urukususi ilivyoondoka na mama mkwe wangu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Najua humu mtu akisimulia jambo mnamwambia ni chai, kaitunga. Bahati mbaya hii inahusu chai kweli, na aliyekuwa anainywa tumeshamzika. Sitatia chumvi popote.

Naishi Durban, flat huku Umbilo, kazi yangu ni warehouse kule Mobeni. Mimi na mke wangu Rehema ni watu wa Tanga. Mwaka jana alimleta mama yake akae nasi.

Mama mkwe alikuwa na presha ya muda mrefu, na sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda. Vidonge alimeza bila shida. Kilichomshinda ni chai kavu isiyo na sukari. Mtu wa Tanga ukimnyima chai tamu umembakizia nini? Alikuwa anakitazama kikombe mpaka kinapoa.

Kikaja kikohozi. Jirani yetu Mkongo, Mama Josée, akamwambia Rehema, "Iko Mchina moja pale chini, anauzisha dawa ya majani. Kikohozi inaisha, dada."

Rehema akaenda, akapewa mchanganyiko wa kuchemsha. Ndani yake kulikuwa na vipande vya mzizi wa njano. Mama mkwe akatafuna kimoja, akasikia utamu, akacheka. Akasema kumbe ni urukususi huu, tuliutafuna utotoni tukikohoa.

Yule Mchina alieleza vizuri tu, simlaumu. Mmea wenyewe unaota kwao jangwani, mizizi inashuka mbali kufuata maji. Wanautia kidogo kwenye dawa nyingi ili dawa nyingine zipatane na tumbo lisisumbuke. Kidogo, tena kwa siku chache.

Sisi tulichosikia ni dawa, halafu ni tamu. Basi.

Rehema akarudi akanunua urukususi mtupu. Akawa anauchemsha na majani ya chai, birika zima, asubuhi na jioni. Mama mkwe akachangamka, akamwambia, "Leo umenikumbuka, mwanangu." Nyumba ikawa na raha, nami nilifurahi.

Baadaye miguu ikaanza kuvimba. Nguvu zikamwisha. Presha ikawa haishuki na vidonge anameza. Tukalaumu baridi, tukalaumu uzee, huku tunamwongezea kikombe.

Asubuhi moja akaanguka bafuni, upande mmoja umepooza. Hospitali hakumaliza wiki.

Daktari alinikuta peke yangu kwenye korido, Rehema yuko ndani na mama yake. Akauliza mgonjwa anatumia nini zaidi ya vidonge. Nikataja ile chai. Akaacha kuandika. Akanieleza kwamba mzizi ule ukinywewa kila siku unazuia chumvi na maji visitoke mwilini, unashusha madini ya potassium na kupandisha presha. Hakusema ndio uliomuua. Alisema kwa mtu kama yule haukufaa kabisa.

Msibani Rehema alikuwa anasema angalau mama ameondoka na utamu mdomoni. Wewe ungemwambia? Mimi sikumwambia aliyosema daktari.

Juzi juzi nimetoka kazini nakuta begi sebuleni. Kuna mtu anasafiri kwenda Tanga, na Rehema amefunga pakiti za urukususi za kumpelekea mama yake mdogo. Naye ana presha.

Ikabidi niseme. Nilimwambia yote, naangalia chini.

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mama alijua?"

Nikasema hapana.

Akazitoa zile pakiti akazitupa. Akaosha birika, akalikausha, akaliweka juu ya kabati. Tangu siku hiyo kwetu hakunywewi chai, na maneno ni ya kuhesabu.

Wakuu, dawa ya mitishamba nayo ni dawa. Kama mzee wako anameza vidonge vya presha, mtajie daktari kila anachokunywa, hata kile mlichokitafuna utotoni.

Waliopitia kitu cha namna hii, niambieni mlianzaje kuongea tena ndani ya nyumba. Na mnaokuja kusema ni uzembe, nisemeni mimi. Yeye alikuwa anampikia mama yake chai.