Marselina na Chupa Iliyosuguliwa kwa Jivu

Msomaji, unaniudhi. Ukisikia maabara unawaza Ulaya na mzee mwenye digrii tatu. Ukisikia Ujamaa unawaza jembe na hotuba. Marselina wa Kilosa hata hakupiti kichwani. Basi tulia kidogo.

Mwaka 1974 Marselina alikuwa mhudumu kwenye maabara ya kupima maji, pale Kilosa. Aliajiriwa kuosha vioo tu, shule aliishia darasa la saba. Lakini macho yake hayakuwa na likizo. Aliwatazama wakubwa mpaka akajua, na bwana Oswald, mkuu wa maabara, akichoka kusimama alimwachia yeye.

Alipenda kazi moja kuliko zote. Bomba la kioo limesimama wima, limejaa chembe ndogo za rangi ya asali. Unamimina maji ya kisima kwa juu. Chumvi iliyoyeyuka humo imeshaachana vipande visivyoonekana, kila kipande kimebeba umeme wake. Ndizo ioni hizo. Chembe za asali zinazidaka na kuzishika, kama mama anavyoshika mikono ya watoto gulioni. Halafu unadondosha asidi nyepesi, tone kwa tone, na watoto wanaachiwa mmoja mmoja. Sodiamu anatangulia, potasiamu anafuata, wazito wanajikokota nyuma. Unawakinga kwenye vichupa vyembamba, kila kichupa unakipitisha kwenye moto wa mashine. Sodiamu inawaka njano. Potasiamu inawaka urujuani, hafifu kama anga ikikaribia magharibi, na mshale wa mashine unapanda kukuonyesha ni nyingi kiasi gani.

Tone. Kimya. Tone. Marselina akikaa mbele ya lile bomba alikuwa kama mtu aliyelala macho wazi. Aliona mto Mkondoa unapita mle ndani ya kioo, mdogo kama uzi, na yeye amekaa ukingoni.

Jumanne moja ikaletwa chupa kutoka kijiji kipya cha jirani na Munisagara. Kijiji hicho ndicho alichohamishiwa mama yake, Hildegarda. Nyumba ilikuwa ndiyo kwanza imeezekwa, nyasi bado zinanukia. Oswald akatumbukiza kipimo kinachoonyesha maji yanapitisha umeme kiasi gani. Chumvi ikizidi, umeme unazidi. Mshale ukaruka mpaka mwisho.

"Chumvi tupu," akasema. "Kisima kifungwe. Watu wahamishiwe upande wa Dumila. Barua inaondoka Ijumaa."

"Chumvi gani, bwana mkubwa?"

"Chumvi ni chumvi. Unataka kuungia mboga?"

"Naomba niyapitishe kwenye bomba."

"Haya, chezea. Ijumaa haitakusubiri."

Akayapitisha. Sodiamu ikaja, njano kidogo tu, ya kawaida. Kisha moto ukageuka urujuani, ukakaa hivyo kichupa baada ya kichupa, mshale haushuki. Marselina akautazama moto ule mpaka ukuta wa maabara ukayeyuka. Akajiona mtoto, amechuchumaa jikoni kwa mama, mafiga matatu, sufuria zinang'aa kama mwezi. Zilikuwa zinang'arishwa na nini?

Akachovya vidole kwenye yale maji, akavisugua. Yakateleza kama sabuni.

"Jivu!" akasema peke yake, akacheka. Potasiamu ndiyo chumvi ya jivu.

Jumatano akapanda treni na chupa safi ya maabara kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huko serikalini hamli?"

"Mama, chupa ya maji ya kupimwa aliiosha nani?"

"Mimi! Mwenyekiti alileta chupa ya mafuta ya taa, inanuka. Nikaijaza jivu na maji, ikalala hivyo, asubuhi nikaisugua mpaka ikang'aa, nikaimwaga, ikajazwa pale pale. Ulitaka kijiji kiaibike?"

"Mko karibu kuhamishwa tena kwa ajili ya hilo jivu."

Hildegarda akakaa chini. Alitazama nyasi za paa lake jipya. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa kuosha chupa?"

Wakaenda kisimani wote wawili. Marselina akateka, akasuuza chupa kwa maji yale, akamwaga. Akateka tena, akamwaga. Mara tatu.

"Unaosha chupa kwa maji hayo hayo unayokwenda kuyapima?" mama akamshangaa. "Ndiyo elimu hiyo? Si bora ungeniachia mimi?"

"Ndiyo elimu hiyo, mama. Chupa isionje kitu kingine."

Alhamisi mchana alikuwa mbele ya bomba. Tone. Kimya. Tone. Oswald alisimama nyuma yake, barua mkononi, imeshapigwa chapa, imebaki sahihi. Njano ikaja, ndogo. Kichupa kilichofuata kikaingia motoni na moto ukabaki samawati, kama haukupewa kitu. Urujuani ulipita mara moja tu, mwembamba kama ndoto unayoisahau ukiamka. Mshale hata haukujisumbua.

Oswald mwenyewe akachukua kipimo chake cha umeme, akatumbukiza. Akasoma. Akasoma tena.

"Maji haya mazuri kuliko ninayokunywa kwangu," akasema, akaichana barua. "Andika nyingine, Marselina. Mimi nitasaini."

Akaiandika kwa mkono wake, mistari minne. Maji ya kile kisima yakaendelea kunywewa, na Hildegarda alizeeka chini ya paa lile lile. Sufuria zake aliendelea kuzisugua kwa jivu, na kila mgeni alimsimulia jinsi jivu lake lilivyowaka urujuani Kilosa.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, msomaji. Ukitumwa kupeleka maji maabara, isuuze chupa mara tatu kwa maji yale yale, halafu jaza. Jivu la mama liache jikoni.