Mashine Iliyonuna

Huku Songea kazi ninayoitaka haina jina. Nikisema nataka kutengeneza picha za kompyuta zinazomjibu mtu, baba ananiuliza, "Zikishamjibu, ndiyo atashiba?" Baba ni mkulima wa Mjimwema, na tangu nimalize form four ana wimbo mmoja tu: chuo cha ualimu. Mwaka jana tukapatana. Maonyesho ya wakulima yakiisha bila picha zangu kumfaa mtu, naenda ualimu, sibishi.

Nachapa barua kwenye steshenari moja pale Majengo. Siku hizi biashara zimefunguliwa, kila kitu kinaingia mjini, mpaka kompyuta za mtumba. Mama mwenye duka alinunua moja, na wateja wakipungua naichorea. Nikagundua kwamba ukichora kihenge unaweza kukifanya kibonyezwe, kikafunguka, ukaona mahindi ndani. Basi nikachora na dumuzi, yule mdudu wa ghalani. Ukimbonyeza unaona anavyotoboa punje, halafu namna ya kumzuia. Bwana shamba wa kata akazipenda, akanipa meza kwenye banda lake, na mwenye duka akaniazima kompyuta.

Asubuhi ya maonyesho watu walijaa, ila wamesimama mbali, mikono nyuma. Kitu cha watu kikiwa mezani hakiguswi, tumelelewa hivyo. Nikashindwa kuvumilia.

"Jamani bonyezeni! Haiumi!"

Hakuna aliyesogea. Bibi mmoja wa Msamala, mwenye kikapu cha maharage kichwani, akanitazama.

"We binti, unatufokea hata salamu hujatoa. Na hiyo televisheni yako nayo imenuna kama mkwe."

Watu wakacheka mpaka bwana shamba naye. Nilikasirika, tena sana. Halafu nikageuka kuitazama kazi yangu. Kioo kizima maandishi mekundu: BONYEZA HAPA. Kama askari. Nani anamkaribisha mgeni hivyo?

Nikachomeka maikrofoni ya kompyuta, nikarekodi sauti yangu: "Shikamoo. Karibu. Habari za nyumbani?" Nikaacha kimya cha kutosha mtu kujibu, ndipo nikaendelea: "Dumuzi wanawasumbua?" Yale maandishi mekundu nikayafuta.

Bibi akasikia shikamoo, akatua kikapu.

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani wazima, mgongo tu." Akanyoosha kidole, akamgonga dumuzi pale pale kwenye kioo. Mausi, kile kidude cha kuelekezea mshale, wala hakukiona. Akagonga tena. "Kumbe kiziwi!"

Kioo kile hakijui kidole. Na mimi sikuwa tayari kusimama pale kufundisha mausi wilaya nzima. Nikavua khanga yangu ya mabegani, nikaitundika ubavuni mwa meza, nikachuchumaa nyuma yake na mausi juu ya daftari gotini. Kwenye upenyo nakiona kioo na vidole. Wao wanagonga, mimi nabonyeza. Dumuzi akaanza kutafuna, bibi akaruka nyuma.

"Eee! Ndiye huyu huyu aliyenimalizia mbegu!"

Kuanzia hapo ikawa foleni. Magoti yaliniuma, sikutoka. Wengine walimaliza wakarudi nyuma ya foleni ili wasalimiwe tena.

Jioni nikaviona viatu vya baba.

"Shikamoo," mashine ikasema.

"Marahaba," baba akaitika, kisha akashtuka. Sauti aliijua. Akagonga dumuzi, akagonga kihenge, akatazama mpaka mwisho. Halafu akafunua khanga.

"Mwanangu! Form four yote ile, kazi yenyewe ni kujificha?"

"Leo ndiyo, baba. Kioo hakijui kidole. Nitatafuta namna."

"Na ualimu?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja nyuma yake akamgusa bega.

"Ndugu yangu, wewe umeshasalimiwa. Tupishe na sisi. Nina gunia limegeuka unga nyumbani, nataka kujua nifanyeje."

Baba akamtazama yule mzee, akaitazama foleni ilivyopinda nje ya banda. Akanitazama na mimi nilivyochuchumaa, vumbi mpaka usoni.

"Haya," akasema polepole. "Ualimu utasubiri msimu mmoja. Mmoja, umesikia?"

Akaishusha khanga, akaivuta vizuri pande zote nisionekane, akampisha mzee.

"Shikamoo," nikabonyeza.