Kaburi Walilolipaka Chokaa

"Hayo ni maji ya mgeni," mwenyekiti wa kamati ya mapokezi aliniambia, akaniondolea ndoo mkononi taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa chini kwenye jiwe, mguu wake mmoja mweupe hadi juu ya kifundo, analia ile sauti ambayo mama yeyote anajua si ya deko. Alikuwa ametumbukia kwenye shimo la chokaa. Na ndoo ilikuwa imejaa maji safi, kando yake sabuni mpya na taulo lenye lebo ya dukani. Vyote vinasubiri mikono ya mtu ambaye hata hajafika.

Nilikuwa nimevumilia mengi tangu asubuhi. Hapo niliishiwa. Niliivuta ndoo kwa nguvu nikaanza kumwagia mwanangu mguuni, na sikuacha mpaka ndoo ikabaki tupu. Mwenyekiti alibaki ameshika taulo.

Ilikuwa ile miaka Manyara imetoka kukatwa kutoka Arusha, na Babati ikawa makao makuu ya mkoa. Ghafla kila mtu akatoa kifua. Mtu anapima mafuta ya taa mtaani Bagara, anakwambia "sasa sisi ni mkoa" utafikiri mkataba kausaini yeye. Na mkoa, tukaambiwa, lazima uwe na vivutio. Wakatafuta, wakakuta tuna kaburi.

Liko kwenye kilima cha mawe ya chokaa, ukishapita kijiji cha Sigino unaendelea kwa miguu, mahali ambapo hata mbuzi anachagua pa kukanyaga. Mvua imeyatoboa yale mawe mpaka yana ncha kama meno. Katikati yake watu wa zamani sana walisimamisha mabamba makubwa ya jiwe, wakalaza jingine juu yake. Nani kalala humo hakuna anayejua. Wenyeji wanaolima mahindi na maharage pale chini wanasema babu zao nao walilikuta. Desturi yao ni moja tu: ukipita, unachuma nyasi mbichi, unaiweka juu ya bamba, unaendelea na safari yako. Hakuna hotuba.

Mara ya kwanza nilikwenda nikiwa kidato cha pili, na si shule iliyonipeleka. Shule ilinifundisha mapiramidi ya Misri, nikayachora vizuri nikasifiwa, na mwalimu hakutaja hata siku moja kwamba kuna kaburi la mawe ambalo ungelifikia na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilipelekwa na mwenzangu wa dawati, kwao ni palepale chini. Mawe yalikuwa ya kijivu, yana madoa ya kuvu rangi ya chungwa, na ukiingiza mkono kati ya mabamba unakutana na baridi. Tuliweka nyasi zetu tukakaa kimya, sisi ambao darasani tulikuwa hatunyamazi. Kwa hiyo kamati ilipotangaza kila kaya itoe mtu wa kwenda kumpokea mgeni wa serikali anayekuja kulitazama kaburi, sikusubiri kusukumwa. Nilitaka mwanangu alione.

Nililiona kutoka mbali nikadhani wamejenga choo.

Walikuwa wamelipaka chokaa. Lote, na bamba la juu. Ndiyo akili zetu: mkubwa akija, tunapaka chokaa. Mawe ya kando ya barabara, mashina ya miti, nguzo ya bendera. Angechelewa kidogo wangepaka na mbuzi. Chokaa yenyewe walichoma mawe ya kilima hichohicho, wakachimba shimo hatua chache kutoka kaburini, wakayamwagia maji humo. Mawe yaliyochomwa yakikutana na maji yanachemka yenyewe, moto hauhitajiki. Walipomaliza kupaka, uji wa chokaa ukiwa bado unafuka, wakaona shimo linaharibu mandhari. Wakalifunika kwa majani ya mgomba. Likapendeza.

Mwanangu alikuwa amechuma nyasi yake, anaipeleka kwenye bamba kama nilivyomwonyesha. Alipita juu ya majani. Nilimvuta akiwa bado ameishika.

"Mama, usimwage maji, chokaa ikiona maji inachemka," mmoja wa kina mama alisema nyuma yangu.

"Ilishachemka jana, muache amwoshe," mwingine akamjibu.

Mwenyekiti yeye alikuwa na shida nyingine. "Ungemsogeza kule nyuma kwanza. Mgeni asikute mtoto analia."

"Kwani mgeni hana watoto?"

"Usinijibu hivyo. Mimi ni sawa na baba yako."

"Baba yangu angeshika mguu. Asingeshika taulo."

Ndipo gari likafika, gari pekee lililopanda siku ile, kwa njia ambayo kamati ilikuwa imemsafishia. Mgeni akashuka na suti nyeusi, akasikia kilio, akauliza mtoto ana nini.

"Anashangilia, mheshimiwa," mwenyekiti akasema. "Amefurahi sana."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kupigwa picha. Aliegemea bamba. Aliponyanyuka, mgongo wote ulikuwa mweupe kuanzia kola mpaka makalio. Watu wazima wakaanza kumpangusa kwa viganja, wakizidi kuisambaza chokaa. "Maji, leteni maji," mtu akaita, na kamati nzima ikanigeukia mimi.

Gari sikupewa. Niliambiwa nisubiri mgeni amalize. Nikashuka na mwanangu mgongoni kwenye yale mawe yenye meno hadi zahanati. Muuguzi alisema yale maji ndiyo yameuokoa mguu. Ngozi ilitoka hata hivyo, na alikaa wiki kadhaa akitambaa kama aliyerudi uchangani.

Kamati ilikaa kikao. Walijadili suti. Nikaletewa ujumbe nikaombe radhi kwa kuharibu mapokezi, na mume wangu akasema achana nao. Ningeachana nao. Lakini watoto wa mtaani kwetu walianza kupanda Jumapili kwenda kuangalia jiwe jeupe, na niliyemuuliza aliniambia yale majani bado yapo, yamekauka tu.

Nikaenda kwa mtendaji wa kata. Shikamoo nilimpa, nimelelewa.

"Sasa dada, unalalamikia kaburi au shimo?"

"Shimo."

"Shimo la nani?"

"La kamati."

"Kamati si imeshavunjwa. Mgeni alishaondoka."

"Shimo halijaondoka."

Alinisukumia karatasi, nadhani akitegemea nitaitazama tu. Niliandika hivi, nikangoja mpaka ikagongwa muhuri:

"Mimi ni mama wa mtoto aliyeungua mguu kwenye shimo la chokaa karibu na kaburi la mawe, lililofunikwa majani ya mgomba ili mgeni asilione. Namlalamikia mwenyekiti wa kamati ya mapokezi kwa kuliacha bila kulifukia na kwa kuninyima maji. Sidai fidia. Naomba shimo lifukiwe kabla ya Jumapili, na walifukie wao waliolichimba. Kaburi wasiliguse tena, mvua italiosha. Mgeni aliambiwa kwamba mwanangu anashangilia. Naomba naye apelekewe nakala."