Kompyuta Mbili za Dada, Majibu Mawili

Kompyuta mbili zilikuwa mezani, zimepakana. Faili lile lile, programu ile ile, swali lile lile.

Ya zamani ikasema unga wa lishe unawaongezea watoto uzito. Mpya ikasema haufanyi kitu.

Na dada yangu alikuwa amebakiza siku tisa asimame mbele ya maprofesa kutetea utafiti wake wa miaka mitano.

Wadau, mimi ni fundi kompyuta, mashine kugoma nimeshazoea. Lakini lile lilinitoa jasho mpaka kwenye vidole. Nalisimulia kwa ruhusa ya dada, kwa sharti moja: nisijipendelee.

Nianze na yeye. Amenizidi miaka kumi na miwili. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Aliacha shule kwa ajili yangu, akarudi baadaye, akakaa darasa moja na watoto aliowazidi umri, akapanda hivyo hivyo mpaka shahada ya uzamivu. Kwa hiyo akiniita, sijui kusema nina kazi.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Watoto mia nne, kliniki moja. Nusu walipewa unga wa lishe, nusu hawakupewa. Baada ya miezi sita wote walitakiwa kurudi, ionekane kila mmoja ameongeza kilo ngapi. Kliniki ilikuwa inasubiri jibu, maana unga ukionekana unafaa wangeacha kugawa maziwa waanze kugawa unga.

Hesabu zote zilifanywa na programu ya takwimu. Programu hiyo niliiweka mimi, kwenye kompyuta yake ya kwanza.

Ile kompyuta ikazeeka. Ikawa inajizima katikati ya kazi, na feni inaunguruma mpaka shemeji anauliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Chuo kikampa dada mpya, na msimamizi wake, ambaye wote tunamwita Profesa, akamtaka arudie hesabu zote humo kabla ya siku ya utetezi.

Nikajisemea hii ni kazi ya saa mbili. Nikaweka toleo jipya la programu, nikahamisha mafaili kwa flashi, nikabonyeza. Jedwali likatoka. Dada akalitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hizi si namba zangu," akasema.

Nikamwambia atulie. Nikafuta programu, nikaiweka upya. Jibu lile lile. Nikarudi kwenye toleo la zamani kama lile alilokuwa nalo. Lile lile. Nikahisi labda ni desimali, maana kuna mashine husoma mkato pale panapotakiwa nukta, nikakuta pako sawa. Nikapima kumbukumbu ya mashine, nikasaka virusi, nikalinganisha mafaili mstari kwa mstari. Safi kabisa.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Siku ya tatu dada akaacha kuniletea chai. Akawa anaongea na shemeji huko jikoni, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba siku hizi kila mtu anajiita fundi. Shemeji naye akapita mlangoni akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha.

Iliniuma, siwezi kuficha.

Siku ya nne asubuhi, dada akiwa kazini, nikaachana na mashine mpya nikaigeukia ya zamani. Ile programu ina faili dogo la maagizo ambalo huwa inalisoma kimya kimya kila inapofunguka. Wengi wanaoitumia hawajui hata kama lipo. Kwenye mashine mpya lilikuwa tupu.

Kwenye ya zamani lilikuwa na mstari mmoja: kila nafasi iliyo wazi, isomwe kuwa sifuri.

Chini yake mtu ameandika, "Usiguse. Inafanya kazi." Na tarehe, ya miaka minne iliyopita.

Mtu mwenyewe ni mimi.

Yote yakanirudia. Siku ile programu, ikiwa bado toleo la mwanzo kabisa, kabla haijafunzwa kuziruka nafasi wazi, ilikuwa inagoma, inatoa maandishi mekundu kila ikikutana na mtoto asiyeandikiwa kilo. Dada alikuwa analia. Mimi nikatafuta namna ya kuinyamazisha, nikaandika ule mstari, wekundu ukaisha. Nikasifiwa, nikala, nikaenda zangu. Sikuuliza hata mara moja ilikuwa inalalamikia nini.

Sasa sikilizeni uzito wake. Nafasi wazi maana yake mtoto hakurudi kupimwa. Mashine yangu ikasoma kwamba alirudi, na hajaongeza hata gramu. Wasiorudi walikuwa sitini na mmoja, karibu wote wa upande ambao haukupewa unga. Warudi kufuata nini? Basi upande ule wote ukaonekana umedumaa, na unga ukaonekana dawa.

Nikakaa sakafuni.

Ningeweza kumsubiri dada nimweleze. Sikufanya hivyo. Niliunakili ule mstari kwenye mashine mpya, nikabonyeza, na namba zake zikarudi mpaka desimali ya mwisho.

Aliporudi mchana nikamwambia kuna mpangilio mdogo nilikuwa nimeusahau. Hakuuliza mpangilio gani. Alikaa, akanishika mkono muda mrefu. Nilidhani ni furaha.

Siku mbili chakula hakikushuka. Nikiona mtu amebeba mtoto, naona maziwa yanaondolewa kliniki kwa sababu ya ujanja wangu. Nikimfikiria dada, namwona na joho lake, na naona mimi ndiye wa kumvua. Nilimwonea huruma, halafu nikajionea aibu, halafu nikaanza upya.

Siku ya tatu nikaenda kwake. Nilimkuta anapiga pasi gauni la siku ya utetezi. Nikamweleza yote, macho yangu yako chini.

Dada akaisimamisha pasi. Hakushtuka.

"Najua," akasema. "Niliuona huo mstari mwaka wa pili."

Sikumwelewa. Nikamuuliza kwa nini basi alinihangaisha siku nne nzima, na maneno yote yale ya jikoni.

"Mkono wangu ulikataa kuuandika kwenye mashine mpya. Nikasema ukiurudisha wewe bila kujua, basi mimi nitakuwa sijafanya kitu." Akakaa kitandani. "Miaka mitatu najiambia, mdogo wangu ni fundi, kama ameuweka atakuwa na sababu yake. Sasa umeniambia kwa mdomo wako mwenyewe. Nitajificha nyuma ya nani?"

Nikaketi kando yake.

"Ungenyamaza tu," akasema. "Zimebaki siku tatu. Ungenyamaza."

Tulilia wote wawili. Shemeji ndiye aliyeingia akaizima pasi.

Kesho yake alikwenda kwa Profesa peke yake. Alikataa nimsindikize. Utetezi ukaahirishwa, kliniki ikaambiwa iendelee na maziwa yake, na maneno aliyoambiwa dada mle ofisini hajanieleza mpaka leo. Kwa miezi minne hakupokea simu yangu. Shemeji ndiye aliyekuwa ananipa habari, akinong'ona kama mtu anayeiba.

Hayo ni ya mwaka jana.

Sasa anaandika upya, na anawatafuta wale sitini na mmoja, nyumba kwa nyumba, apate kujua kwa nini hawakurudi. Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe, akaniambia anahitaji mtu wa kubeba mzani. Sikuuliza mara mbili.

Nyumba ya kwanza tulimkuta mama anaanika nguo. Mwanawe, ambaye hesabu yangu ilisema hakuongeza hata gramu, alikuwa ameparamia ukuta, hana meno ya mbele, anatucheka. Dada akajieleza, akaeleza na kosa lilivyokuwa, hakuficha. Yule mama alisikiliza hadi mwisho huku ameshika shati bichi mkononi.

"Sasa mbona siku zile hamkuja kuniuliza?" akasema. "Nilikuwa hapa hapa."

Dada akamwomba radhi. Mimi nikawa najifanya natafuta mahali pa kuweka mzani.

Fundi mwenzangu unayesoma hapa, mashine ikikulalamikia, ijue shida yake kwanza kabla ya kuifunga mdomo. Hilo nakupa kama fundi.

Lingine nakupa kama mdogo mtu. Ukikosea, rudi mwenyewe ukalitazame kosa lako, tena mapema. Mimi nilikwenda zangu nimeshiba sifa, na aliyenilea akabaki na kosa langu miaka mitatu, anaamka nalo na kulala nalo, hana wa kumwambia.