Jicho la Chini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haingoji niikumbuke. Inakuja yenyewe kila ninapoifungua kamera hii. Keti. Weka hiyo simu yako pembeni kwanza, haitakufa. Umeniomba kamera ya marehemu mjomba wangu, na mimi sijasema hapana. Lakini kabla haijavuka mlango huu, utasikia namna nilivyomnyima mama mmoja wa Kabambare uso wa mama yake mzazi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mjomba Ramazani alikuwa na studio ya foto hapa Kasongo, si mbali na soko, nami nilikuwa mwanafunzi wake. Watu wakasema, msichana na kamera, wapi na wapi? Mjomba akawajibu kwamba mji huu una mama wengi wa Kiislamu wasiotaka kukaa mbele ya mwanamume wasiyemjua awakazie macho usoni, na yeye hana nia ya kuvaa kikwembe, kitenge cha kina mama, ili awapige foto. Watu wakacheka, nami nikapata kazi.

Kamera yenyewe ndiyo hii. Ina macho mawili, moja juu, moja chini. Unaishika kifuani, unainama kama mtu anayechungulia kisima, na mle ndani unamwona mtu wako. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipoanguka. Huyo unayemwona anapitia jicho la juu. Pelikili, ile filamu yake pana ya foto kumi na mbili tu, inaona kwa jicho la chini. La juu ni la kutazamia, la chini ndilo la kupigia. Nimesema kumi na mbili, wewe unayepiga mia kabla chai haijapoa.

Mjomba alikuwa na utaratibu wake, na ole wako uuvunje. Kila Jumamosi asubuhi alipuliza vumbi kwa pwari, ule mpira ambao mama zetu wanautumia kuwapiga watoto dawa ya tumbo. Yetu ilikuwa mpya, usinitazame hivyo! Baada ya vumbi, pamba laini, kwa macho yote mawili. Kisha alibonyeza kasi zote za jicho kufunguka na kufunga, moja baada ya nyingine, kuanzia ile ya haraka kama kupepesa jicho mpaka ile ya sekunde nzima, kwa sababu chuma kisichotumika hulala usingizi, na siku ukikihitaji hakiamki. Na wakati wa mvua, kamera haikuguswa na mfuko wake wa ngozi. Ngozi hunywa unyevu wa hewani. Ililala ndani ya debe la biskuti, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa mpaka ukakauka kabisa. Bibi yangu alikuwa akinung'unika kwamba katika nyumba hii kamera inakaangiwa mchele kuliko watu.

Basi mwaka ule, mvua zikiwa zimeshika, Mjomba akaitwa Kindu kwa mambo ya ukoo. Akakaa huko karibu miezi miwili. Aliniachia studio na kamera, akaniambia neno moja tu: "Mwavita, ishike sawa vile yai."

Loo, niliishika! Niliitembeza. Mfuko wa ngozi begani, soko zima lione. Kila asubuhi niliupaka mfuko ule mawese ung'ae, nikasugua chuma chake, nikafuta jicho la juu mpaka likawa kama maji ya chemchemi, maana ndilo nililokuwa nikitazama. Jicho la chini lilikuwa na kofia yake ya chuma, na kuifungua kulitaka mkono na subira. Wateja nao walikuwa hakuna kwa ajili ya mvua, nikajiambia, nani analitazama lile? Na jioni, badala ya debe la mchele, kamera ilirudi kwenye ngozi, ikaning'inia ukutani pazuri. Wazee walishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi methali hiyo nilikuwa nikiwaambia wenzangu.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Kabambare, kwa mwanamke aitwaye Mama Faida. Mama yake, Bibi Zuhura, alikuwa mzee sana, na maisha yake yote alikuwa amekataa foto. Sasa amekubali, ila apigwe na mwanamke. Nikapanda kamyo, lori la wachuuzi wa mchele. Siku mbili njiani, matope mpaka magotini, tukalala Wamaza, na kamera ndani ya ngozi yake kifuani kwangu, ikitoka jasho pamoja nami.

Mama Faida alinipokea kwa maji ya kuoga na ugali wa moto. Tulipokuwa tunakula akaniambia jambo lililomkaa moyoni. "Baba alikufa nikiwa mudogo. Sura yake imenipotea, dada. Nikifunga macho sioni kitu. Ya mama sitaki ipotee."

Bibi Zuhura alikuwa amevaa tangu asubuhi, kikwembe cha buluu na kilemba chake. Akanipima toka miguuni mpaka kichwani.

"Weye njo wa foto?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi piga foto mbio. Meno yangu iko mbili tu, itachoka kucheka."

Nilimkalisha mlangoni, mwanga ukiingia nyuma yake. Nikaifungua ile kofia bila kulitazama jicho lenyewe, nikainama, nikamwona, mwanangu, kama ninavyokuona wewe. Kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Mikunjo ya mashavuni. Meno mawili yale, na macho yanayomtania mtu kabla mdomo haujafunguka. Nikapiga mara nne. Mama Faida alikuwa amesimama kando, mkono mdomoni, anacheka na kulia kwa pamoja.

Siku ya pili baada ya kurudi Kasongo niliosha pelikili. Nikainyanyua kwenye mwanga. Kikwembe kilionekana umbo lake, na kiti, na miimo ya mlango. Uso haukuwako. Palipopaswa kuwa na uso palikuwa na moshi, foto ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilikaa chini.

Hapo ningeweza kupanda kamyo siku ile ile. Njia ilikuwa pale pale, Bibi Zuhura alikuwa pale pale. Lakini nilifikiria aibu. Nilifikiria soko, mfuko wangu unaong'aa, vicheko. Nikaviringisha pelikili ile, nikaitia ndani ya kopo, na kopo nikalisukuma nyuma ya chupa za dawa. Dereva wa kamyo ya Kabambare akaja: "Mama Faida anauliza foto." Nikamwambia karatasi imekwisha, tunangoja ya Bukavu. Akaja wa pili, nikamwambia vile vile, tena uongo ulikuwa umeshazoea njia. Wa tatu akaongeza, "Anasema muzee anakohoa." Nikasema, wiki ijayo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilidhani maradhi yanayosemwa ni ya mwili tu.

Mjomba akarudi. Hakutazama mng'ao wala mawese. Aliifungua kamera kwa nyuma, akaweka kwenye ile herufi inayoliacha jicho wazi muda wote unaposhika kitufe, akaielekeza mbinguni, akachungulia.

"Mwavita, kuja uone."

Nikachungulia. Ndani ya jicho la chini nyuzi nyeupe zilikuwa zimetambaa pande zote.

"Unaona nini?"

"Utandabui, mjomba."

"Haiko utandabui. Ni kuvu. Inakula kioo sawa vile inakula mukate." Akanitazama. "Jicho ya kukufurahisha weye, uliisafisha. Jicho ya kumuona mutu, uliiacha."

Nikaanza kulia, na katika kulia nikamweleza habari ya Kabambare na kopo na karatasi ya Bukavu. Nilitazamia anipigie kelele kwa ajili ya kioo chake. Aliketi tu, akashika kichwa. "Kuvu najua kuitoa," akasema. "Hizi siku ulinyamaza, nitazitoa na nini?"

Mchana ule ule alilifungua jicho, akalifuta kwa spiriti na pamba, polepole, pete moja baada ya nyingine. Yalibaki makovu madogo, unaweza kuyaona ukilielekeza juani, lakini lilikuwa linaona. Alfajiri nikapanda kamyo. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu, na nikitayarisha maneno.

Nilipofika nilikuta watu wamekaa nje kwenye mikeka. Sikuhitaji kuuliza. Bibi Zuhura alikuwa amezikwa siku nne zilizopita.

Mama Faida alinyanyuka aliponiona, akaja mbio. Alidhani nimeileta. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, zile hatua zake za mbio. Nikapiga magoti mbele ya wanawake wote, nikamwambia, "Foto iliharibika. Kosa ni yangu."

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili, mama."

Laiti angenipiga kofi! Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungekuja kusema siku ile, ningekukasirikia. Hata kukutukana ningekutukana. Halafu ungepiga ingine."

Nikabaki kwenye magoti yangu.

Akaniomba ile ya moshi, vile iko. Nikamsafishia nakala kubwa, akaitundika sebuleni. Kiangazi kilichopita nilikwenda tena Kabambare, nyuma ya pikipiki, mgongo wangu ukinilaani. Mama Faida naye ameshatangulia. Foto ingali ukutani. Kitukuu mmoja, msichana mchangamfu, akanionyesha kwa kidole: "Huyu ni Bibi Moshi." Nikamwambia jina lake ni Zuhura, alikuwa na kovu hapa, na meno mawili, na utani mwingi. Akanisikiliza kwa heshima kama mnavyotusikiliza sisi wazee, kisha akaenda kucheza. Nikalia pale pale, sioni haya kusema. Uso ule sasa umebaki ndani ya kichwa changu peke yake, na mimi kuchora sijui.

Basi, mwanangu, nimekwisha kusema. Kinachoonekana na watu kitajisafisha chenyewe, kwa sababu sifa inakusukuma. Kile kilichofunikwa, kinachofanya kazi bila kusifiwa, ndicho utakachokianza kila Jumamosi, ukiwa na nguvu zako zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, lakini nyufa nyingine hata huo ukuta hazikupi nafasi ya kujenga. Kuharibu utaharibu, kila fundi ameharibu. Mjomba mwenyewe aliwahi kuunguza foto za harusi nzima. Ila ukiharibu, vaa viatu uende. Aibu ya siku ya kwanza inabebeka. Ile niliyoiahirisha mimi ninaibeba mpaka leo, nami ni bibi wa wajukuu.

Haya, ichukue, ni yako. Mungu akukinge na ajali za njiani, akupe mikono isiyotetemeka na jicho linalowaona watu kuliko kujiona wewe. Na siku utakapokosa, akupe miguu ya kwenda kusema, yule uliyemkosea akiwa bado ameketi mlangoni kwake. Amina.